Kuku Aliyeupandia Mwezi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Milembe amerudi kutoka Migato. Heri angebaki. Mzigo hajautua, kasimama mlangoni ananiamkia mwangaluka, salamu ya asubuhi, na jua limeshapinda! Nikajua kuna jambo linamwasha ulimi.

Kumbe huko Migato lilifika gari la afya lenye sinema. Wanatundika kitambaa kikubwa, na kabla ya kufundisha habari za mbu wanaonyesha katuni za zamani, zile fupi fupi zisizo na rangi, ili watu wajae. Moja, kasema Milembe, ni ya kuku anayegombana na mwezi.

Nikakaa juu ya kinu. Mwanamke mzima, juu ya kinu!

Kuku wangu huyo. Nilimwona mara moja tu, msimu nilioolewa, gari la ushirika lilipoleta sinema nyuma ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Kitambaa kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Mwezi unashuka, unaiba yai la kuku. Kuku anapanga vitu apande kulifuata: mtungi, kiti, mlango, ng'ombe, na juu ya ng'ombe punda. Akaweka mguu kwenye sikio la punda, na hapo mume wangu Bujiku akacheka. Bujiku! Mtu aliyekuwa anacheka kama anatoa mbegu ya akiba. Nikageuka kumtazama. Mwanga wa kile kitambaa umemmwagikia usoni, pengo la meno linaonekana. Nilipogeuka tena, katuni imekwisha na watu wanapiga makofi.

Nikamuuliza kama kuku alipata yai lake. Akasema, Justina, si ungetazama. Nitakuambia tukizeeka.

Mimi nimezeeka. Yeye hakufika. Hata picha yake sina.

Milembe ni dada yake, wifi yangu. Alipofungua mdomo anieleze mwisho, nilinyofoa pamba kwenye gunia nikaziba masikio yote mawili, nikaimba wimbo wa kanisani mpaka akaondoka. Milembe huyo hata ngano ya sungura anaianzia mkiani. Nitaona mwenyewe. Ila niharakishe. Jicho la kulia limeingia ukungu, la kushoto linamfuata mwenzake.

Jumanne, 10 Juni

Precious, mjukuu wangu wa Bariadi mjini, kaniuliza kwa simu kwa nini ninahangaika, atanitafutia humo humo kwenye simu. Nikamkumbusha kwamba alishatafuta. Alipata kuku mwingine, wa rangi, mdogo kama mbegu ya pamba. Kitu nilichokitazama kwa kuinua shingo siwezi kukitazama kwa kuinama.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji, Ansbert. Kijana wa Bukoba, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi letu. Nikamwambia aliite lile gari.

Akatabasamu. Kasema gari halitakuja, kijiji chetu kimesifiwa. Kila mtu analala kwenye chandarua. Gari linakwenda kwa wakaidi.

Nikamuuliza: yaani wanaotii ndio wasioona sinema? Kasema huo ndio utaratibu, bibi. Nikamuuliza huo utaratibu unaliwa na mlenda au na maziwa? Nikamwita mla ndizi. Akacheka mpaka akafuta machozi, akaniomba michembe, viazi vikavu, ya kwenda nayo nyumbani. Nikampa. Mtoto mzuri sana.

Nitamharibia sifa yake kidogo tu.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango umeanza! Nimeshusha chandarua changu, nimekitandaza juu ya banda la kuku, pale pale kwenye njia ya kisimani ambapo kila mtu atapita na kushtuka.

Hakuna aliyeshtuka. Wanawake walitua ndoo wakanisifu. Kasema mmoja, akiniita mayu, mama: mwewe sasa atakula nini? Mwingine kaniuliza fundo nimefunga vipi.

Milembe kaja, katazama, kabinua mdomo, kaondoka. Jioni nasikia na yeye kajenga banda, la vyandarua viwili, lina hata mlango wa pazia! Kuku wa Milembe wanaishi kama maharusi.

Mimi usiku mbu wamenila mpaka kwenye nyayo. Naandika huku najikuna. (Herufi alinifundisha katekista, ili nisome sala. Shule sikuiona hata dirishani. Hakujua kama ningeziandikia haya.)

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimezunguka kijiji. Raha! Vyandarua kwenye vitalu vya nyanya. Vyandarua juu ya dagaa. Luhende, jirani yangu, kasokota chake kuwa kamba ya kumfungia ndama. Ukaidi umestawi kuliko mtama.

Tatizo ni Ansbert. Haoni. Nikamshika mkono wa shati, nikamzungusha nyumba hadi nyumba kama ng'ombe wa mnada.

Kasema bibi usihangaike, alishaona. Lile banda la Milembe limempendeza mno, kalipiga picha na kuituma wilayani. Mfano wa ufugaji bora.

Ufugaji bora! Milembe! Nimerudi nyumbani nimelipiga teke debe.

Jumanne, 24 Juni

Watu wa wilaya wamekuja kutazama banda. Milembe kavaa gauni la Pasaka. Kawapanga kuku kwa rangi.

Bahati nzuri, au mbaya, walimpitia Harieth, muuguzi wa zahanati. Harieth kalishika lile pazia, kalinusa, kageuka polepole. Kasema hiki chandarua nilikupa kwa mkono wangu huu.

 Milembe alinionyesha kwa kidevu.

Nikanyoosha mkono juu kwa furaha, ndiyo, ni mimi, mkaidi mkuu! Nikamuuliza Harieth gari linakuja lini.

Hakucheka. Kasema Luhende amelala zahanati tangu alfajiri, malaria imempanda, anamwita marehemu mama yake. Kasema bibi, ningetegemea mtu yeyote kijijini hapa, si wewe.

 Nimempikia Luhende uji, nikamlisha kijiko kwa kijiko huku namtukana asife. Nani alikwambia ndama anatetemeka usiku kuliko wewe, mpumbavu mkubwa? Katabasamu. Nikaenda nje nikalia, nikarudi nikamtukana tena.

Jumatano, 25 Juni

Nimevua vyandarua kijiji kizima. Kwa mikono yangu. Nimevifua, nimevitundika juu ya vitanda vya watu, kuna waliokuwa bado wamelala. Cha Luhende hakishoneki tena, nimempa changu. Harieth kanisikia, kaniletea kingine, kanirushia bila kunitazama.

Halafu kasema, akiwa ameshafika kwenye uzio: gari linakuja Ijumaa. Na wewe utasimama mbele ya watu wote useme ulichofanya.

Nikajifunika mdomo kwa kanga, aone nina haya. Nilikuwa nacheka hadi mbavuni.

Jumamosi, 28 Juni

Jana gari limekuja. Niandike sawasawa.

Kitambaa walikitundika kati ya nguzo mbili za goli. Giza lilipoingia nilisimama, nikasema ndugu zangu, kuku ana manyoya, nyanya haina damu, chandarua ni cha mtu. Nimekosa. Sasa washeni. Watu walicheka, hata Luhende, kajifunga blanketi mpaka masikioni. Ansbert alipiga makofi. Harieth alinitazama, na safari hii alinitazama vizuri.

Nafasi mbele ilikuwa moja tu, kwenye mkeka wa Milembe. Nikakaa, nikampa mgongo nusu.

Na akaja! Kuku wangu, mkubwa, juu, anatetemeka kidogo kwa upepo. Sijui jicho langu lilipata wapi nguvu. Mwezi ukaiba yai. Mtungi. Kiti. Mlango. Ng'ombe. Nikashika magoti yangu. Nikajiapiza sipepesi macho. Punda akapanda juu ya ng'ombe, kuku akainua mguu, akauweka kwenye sikio.

Pembeni yangu Bujiku akacheka.

Mayu wane, mama yangu! Kicheko kile kile, kinachoanza puani na kuangukia tumboni. Miaka yote hii mimi na Milembe tumegombana, sikuwahi kumchekesha. Nikageuka. Mwanga umemjaa usoni. Mdomo wa kaka yake. Hata pengo ni lile lile, upande ule ule. Nikatazama, nikatazama. Aliinua mkono kufuta chozi na hata mkono ulikuwa ule.

Nilipogeuka, kwenye kitambaa kulikuwa na mbu mmoja mkubwa kama dume la ng'ombe, na sauti inaeleza habari za maji yaliyotuama.

Milembe kaniuliza nimetazama nini usoni kwake, ana kamasi? Nikamwambia anyamaze acheke tena. Kasema hachekeshwi na mbu. Nikamshika mkono. Alishtuka, lakini hakuuondoa.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada nimemuuliza Harieth, kwa upole kabisa, kama gari lile lina mafundisho mengine. Kasema yapo, ya vyoo. Linakwenda kwenye vijiji ambavyo watu hawana vyoo. Na katuni ni zile zile? Zile zile, bibi.

Kijiji hiki kina choo kila kaya. Tabu tupu.

Mchana nimepita nyuma ya nyumba ya Milembe. Choo chake ni cha miti na udongo, ukuta mmoja umeanza kuinama. Nikausukuma kwa kiganja, kupima tu. Ukatikisika.

Milembe akatokea. Kaniuliza ninamfanyia nini choo chake, mzee mzima. Nikamweleza yote. Kwamba mwisho bado sijauona. Kwamba safari hii tutakaa mkeka mmoja, ila mimi nikae mbele yake nisimwone. Kisha nikasema hapana, akae pale pale pembeni.

 Akaingia ndani.

Akarudi na majembe mawili.