Picha Tano za Bwana Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa nyumba. Na paka. Na kurasa nne za masharti, mbele na nyuma. Paka anaitwa Bwana Mkubwa: mwili wa mto, uso wa hakimu. Mama mwenye nyumba kasema samaki wake achemshwe bila chumvi, atolewe miba, apozwe kama uji wa mtoto. Mapazia ya sebuleni yafunguliwe nusu. Nusu! Mumewe kaongeza kwamba kabati lake la suti lisiguswe. Kisha la kunimaliza: picha ya paka kila siku, saa kumi kamili. Nimeitikia ndiyo mama, ndiyo mzee, mpaka shingo ikauma. Watarudi Jumapili.

Tatizo: saa kumi ndipo yanapoanza mashindano ya drafti kwa kinyozi. Wiki nzima.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali! Nimepiga picha zote tano asubuhi moja. Kwenye zulia, kwenye kiti, dirishani. Moja nimemvalisha tai ya mzee. Kanikwaruza mara mbili. Saa kumi nikatuma ya kwanza nikiwa kwa kinyozi, kete mkononi. Mama akajibu kwamba kijana wake anapendeza. Fundi viatu nimemfunga mara tatu.

Mtunza bustani wao hunitazama kila nikitoka getini. Simpendi.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana Mkubwa hajagusa samaki. Hayupo sebuleni, hayupo jikoni. Nimemtafuta mpaka nyuma ya friji. Nimemkuta ndani ya kabati la suti, ambalo niliacha wazi siku ile ya tai. Kalalia koti jeusi la mzee. Ubavuni kwake, vitu vinne kama soksi zilizoloa. Soksi zikalia.

Bwana Mkubwa kajifungua!

Nimekaa sakafuni. Nimempigia dada yangu, ambaye kazaa watano na hashtuki. Kauliza kwanza kama mzazi amekunywa maji. Kisha akasema, "Mdogo wangu, wapigie wenyewe sasa hivi. Waambie ukweli."

Nikasema nitafikiria. Saa kumi nikatuma picha ya tatu, tumbo kama mtungi. Mama kafurahi kwamba hajakonda hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Drafti sikwenda. Nimechemsha samaki mara nne. Mtunza bustani kabisha hodi mlango wa jikoni. Nikauziba kwa mwili wangu. Kitoto kikalia. Nikakohoa. Kikalia tena. Nikakohoa tena. Kaniambia kikohozi hicho kinataka mama yake ale vizuri, akanipa samaki wawili wabichi, akarudi kwenye maua yake. Mtu hatari sana.

Picha ya nne nimetuma. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi, 8 Machi
Saa kumi kamili nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati. Nikatuma picha ya tano: Bwana Mkubwa dirishani, peke yake, mnene. Simu ikalia nyuma yangu.

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, mkoba begani. Wamerudi siku moja mapema. Akatazama simu. Akatazama kabati. Akatazama simu.

"Hii picha ni ya leo?"

Nikasema ni ya leo, kwa namna fulani. Kisha nikamweleza yote, na drafti pia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umetuficha wajukuu wetu siku mbili," akasema.

Nilitamani zulia linimeze. Mzee naye hakuuliza habari ya koti. Alikaa sakafuni bila kuvua viatu, akawatandikia vitoto koti la pili. Nimeagwa kwa upole. Safari ijayo nyumba ataitunza mtunza bustani.

Jumapili, 9 Machi
Dada kaniuliza nimejifunza nini. Nimefikiri sana, mpaka chai ikapoa. Nimemjibu kwamba kosa lilikuwa la paka.

Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili anasafiri wiki ijayo, na ana kobe. Kobe hakimbii, hakwaruzi, hana haraka ya kuzaa. Nimekubali. Fundi cherehani naye anasafiri wiki hiyohiyo, ana mbwa watatu, anakaa upande wa pili wa mji. Nimekubali pia. Kwani kobe atamwambia nani?