Tarishi na Viatu vya Watu

Jumatatu, 4 Agosti

Aibu tupu! Mwalimu wa nyumba ya pili kaja asubuhi kudai kiatu chake. Kimekutwa barazani kwetu, mbele ya kigoda cha Babu, kisigino kinaning'inia. Mwizi ni Tarishi, mbwa wa Babu, manyoya rangi ya asali, uso wa malaika. Wiki iliyopita ilikuwa ndara ya nesi, imekatika ukanda. Tangu Babu atutoke, mbwa kawa kibaka.

Mama kakata shauri: Jumamosi Mjomba anamchukua, akafungwe mnyororo, alinde yadi ya mbao. Nimelia bafuni, bomba nimeliacha wazi nisisikike. Kisha nikamwambia Mama, kwa sauti yangu ile ya mbu, kwamba nikimfundisha kuokota na kushika kwa amri, hatakuwa mwizi tena. Atakuwa mbwa msomi. Mama kasema haya mwanangu, tuone, na iwe mbele ya Mjomba.

Kaka kacheka mpaka kapaliwa. Anakitaka kipembe cha Babu pale barazani aegeshe baiskeli yake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeazima kitabu maktaba. Cha Kiingereza, lugha ya darasani. Kinasema: tupa kijiti, toa amri kwa sauti thabiti. Nikatupa. Nikaamuru. Tarishi kapiga mwayo. Nikatafsiri kwa lugha ya nyumbani. Kapiga mwayo mwingine. Kaka, kidomodomo dirishani, kauliza kama namfundisha mbwa au namwombea dua. Paza sauti, Bi Mnong'ono! Nikapaza. Barabara nzima ikageuka. Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Tarishi akaja kujificha na mimi.

Babu hakupaza sauti hata siku moja. Angepazaje, na mdomo umejaa misumari? Alikaa kwenye kigoda akigonga soli. Mteja akifika getini, Tarishi anapokea kiatu kwa meno, taratibu kama kabeba yai, anakipeleka, anasimama nacho. Anangoja. Babu akimaliza cha mkononi, anafungua kiganja. Mimi nimekaa sakafuni na kopo la gundi, naivuta ile harufu. Sikumuuliza alimfundishaje. Nilidhani Babu yupo tu, siku zote, kama ukuta.

Basi. Kazi!

Jumatano, 6 Agosti

Mbinu mpya. Nimekipaka kijiti mchuzi wa nyama. Lete! Kakifuata mbio, moyo wangu ukaruka. Kakitafuna chote. Kushika kakushika, ila tumboni.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu ya siri. Nimefunga kijiti kwa uzi kwenye ukosi wa Tarishi, ili akija, kije naye. Mjomba hatagundua, macho yake mabovu. Majaribio yalikwenda vizuri mpaka paka alipopita. Kijiti kikanasa kamba ya nguo. Shuka zote za Mama zimeburuzwa uani. Nimefua upya. Kaka kaleta kiti akae atazame.

Ijumaa, 8 Agosti

Kiatu kingine! Cha kinyozi, soli imeachama kama kiboko. Kipo mbele ya kigoda. Mama hakugomba. Kachukua bakuli la Tarishi, kaliosha, kalikausha, kaliweka karibu na mlango kwa ajili ya safari. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjomba kavua viatu mlangoni, kakaa, kasema haya mpwa wangu, tuoneshe. Nikatupa kijiti. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, kikatoka kikohozi. Tarishi anatazama mawingu. Kaka keshaleta baiskeli!

Nikaona yameisha. Nikakaa kwenye kitu cha karibu, nacho kilikuwa kigoda cha Babu, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba. Nikafunika uso.

Mara pumzi ya moto gotini. Tarishi! Kasimama wima, mdomoni kiatu cha Mjomba, soli imefunguka mbele. Paka kapita chini ya pua yake. Hakutikisika. Nikalia, naye kakishika tu. Nilipofungua kiganja nijifute machozi, akakilaza humo, taratibu kama yai.

Mjomba kakichukua kiatu, kakigeuza. Kaitazama soli muda mrefu. Kasema Mzee, yaani Babu, alimwambia akilete hicho kishonwe, naye kila siku kesho, kesho. Kisha kapenga kamasi kwa kishindo, kasema yadi yake haina shida ya walinzi. Mama akageukia pazia, akawa anarekebisha kitu ambacho hakikuharibika.

Tarishi habanduki!

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Kitabu kilisema kweli: kijiti, amri, uthabiti. Nimemweleza Kaka kwamba mafunzo yangu yalihitaji tu muda wa kumwingia. Kaka kakokota baiskeli yake kuirudisha uani. Nafikiria kuanza na paka.

Dosari moja. Leo Tarishi kachukua kiatu cha Mama, kimepasuka ubavuni. Nikakirudisha mlangoni. Kakirudisha kwenye kigoda, kasimama nacho, macho kwenye nyundo ya Babu ukutani. Sasa ndiyo nimegundua: cha mwalimu, cha nesi, cha kinyozi, cha Mjomba, vyote vibovu! Maskini, hajui kuchagua. Labda macho, uzee.

Kesho naanza kumfundisha kuokota vizima.