Karatasi ya Wendell

Jumatatu, 6 Agosti

Mkutano wa klabu yetu ya magari ya kale, mkahawani. Chet Vandermolen, mwenyekiti wetu, kagawa karatasi za ubashiri. Mbio za magari ni Jumapili. Unaandika namba za magari matatu yatakayotangulia, kwa mpangilio wake, na bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo kukitokea ajali, itatolewa mara ngapi. Mwanachama mmoja, karatasi moja. Zitumbukizwe kwenye kopo la oili pale kaunta kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Hakuna dau. Mshindi hupewa pistoni kuukuu iliyofungwa kwenye ubao, akae nayo mwaka mzima.

Pistoni siitaki. Ni mbaya na inachafua. Ninachotaka ni desturi inayoandamana nayo: Jumamosi baada ya mbio, klabu nzima huenda nyumbani kwa mshindi. Magari ya kale kumi na sita, yote yamepangwa barabarani. Watu wanakula, wanacheza karata, wanafunua boneti, hawaondoki mpaka wafukuzwe.

Kwangu hawajawahi kuja. Mke wangu Arlene alipokuwa hai tulikuwa tukisema mwaka ujao. Mtu wa mwisho kukalia kochi langu alikuwa msoma mita. Alikubali kahawa mara mbili. Siku hizi mita inajisoma yenyewe.

Miaka mitatu mfululizo nimeshika mkia. Mwaka jana nilichagua namba ya dereva aliyekuwa ameshastaafu. Chet aliisoma karatasi yangu kwa sauti mara mbili, kwa ajili ya waliokaa mbali.

Mwaka huu nashinda. Nina mbinu.

Jumanne, 7 Agosti

Mbinu yenyewe: Dolores Przybylski. Dereva mstaafu wa basi la shule, ameshinda mara nne katika miaka sita. Anachokijua Dolores, nami nikijue. Si wizi. Ni utafiti.

Nilikwenda kwake saa nne asubuhi kuazima spana. Ninazo tatu kama ile. Akauliza ya kazi gani. Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikasema bomba la bafuni linavuja. Akanitazama. Spana niliyoomba ilikuwa ya kufungulia plagi za injini. Hata hivyo akaenda gereji kuitafuta, nikabaki peke yangu jikoni.

Mezani, karatasi! Mwandiko wake, penseli: 14, 6, 22. Ilikuwa imenigeukia kichwa chini miguu juu lakini niliisoma sawasawa.

Akarudi na spana. Akasema keki imetoka sasa hivi, niketi tunywe kahawa. Nikakataa. Niliogopa namba zisinitoke kichwani. Nikazirudia njia nzima, kumi na nne, sita, ishirini na mbili, huku harufu ya mdalasini ikiwa bado puani.

Chakula cha mchana: supu ya kopo. Lakini yenye ushindi ndani yake.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimejaza karatasi yangu: 14, 6, 22. Bendera ya njano nikaandika mara nne, ya kwangu mwenyewe, kwa sababu Dolores hakuiandika pale.

Kisha wasiwasi ukanishika. Kama Dolores naye atashinda kwa namba hizohizo? Watu wataenda kwake. Wanapapenda kwake. Ana baraza.

Nikahitaji karatasi ya pili, na nikakumbuka Wendell Oosterhuis. Mzee Wendell ni mmoja wa walioianzisha klabu. Miaka mitatu iliyopita alihamia kwa binti yake, upande wa pili wa jimbo, mwendo wa saa mbili na nusu. Ana miaka themanini na sita. Jina lake bado limo kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kulikata. Kila mwaka anatumiwa karatasi ya ubashiri kwa posta, kila mwaka hajibu.

Mwaka huu atajibu.

Mpango ni huu. Karatasi ya Wendell ikishinda, Wendell yuko mbali na ni mzee, karamu haiwezi kufanyika kwake. Nasimama, nasema kwa unyenyekevu kwamba kama rafiki yake wa zamani niko tayari kuwapokea wageni kwa niaba yake. Hata pistoni naweza kumtunzia.

Kwenye karatasi ya Wendell niliandika ninavyoamini mimi mwenyewe, maana akili ya Dolores nilikuwa nimeshaimaliza: 47, 17, 8. Bendera mara tano. Uwezekano mdogo, lakini kazi nadhifu.

Ijumaa, 10 Agosti

Saa tano na nusu nilikuwa mkahawani. Nimetumbukiza ya kwangu. Ya Wendell nilikuwa nayo ndani ya bahasha, nikakohoa sana wakati wa kuitumbukiza. Nilipogeuka, Dolores alikuwa nyuma yangu na kikombe cha maji, kwa ajili ya kikohozi.

Akauliza bahasha ni ya nani. Nikasema ya Wendell, imekuja kwa posta, kaniomba niifikishe. Akasema, kumbe Wendell bado anaandika. Nikasema anaandika sana. Akaniambia nimpe salamu. Nikasema nitampa.

Mchana kutwa maandalizi. Nimenunua viti vya kukunja kumi na viwili. Nyama ya baga ya watu ishirini na watatu, mikate yake, mahindi mabichi ya kuchoma. Nimepaka rangi uzio upande unaoonekana kutoka barabarani. Nimepiga pasi kitambaa cha meza cha Arlene, kile chenye michoro ya matunda ya cheri. Nikavikunjua viti vyote nione vinavyokaa uani.

Vinakaa vizuri. Nilikalia kimoja, kisha cha mkabala wake.

Jumapili, 12 Agosti

Tumeangalia mbio kwenye banda la Chet, kwenye televisheni yake kubwa.

Namba 14 aligonga ukuta mzunguko wa tatu. Namba 6 akaanza kufuka moshi kabla sijamaliza soseji yangu. Namba 22 alikimbia mpaka mwisho, akawa wa thelathini na moja. Dolores, aliyekaa karibu nami, akaniuliza nimechagua nani. Nikamwambia. Akasema ajabu, maana hizo ndizo inchi za kibanda cha ndege anachotengeneza: urefu, tundu la mbele, kimo. Alisema bila kupepesa jicho.

Niliacha kula.

Lakini mizunguko ishirini ya mwisho: 47 mbele. Nyuma yake 17. Kisha 8 akampita mtu kwa ndani, na bendera ya njano ikapepea kwa mara ya tano. Nikasimama. Nikapiga kelele. Watu wakageuka, kwa sababu hakuna aliyejua nashangilia nini.

Wakamaliza hivyohivyo. 47, 17, 8.

Yaani nilikuwa ninajua! Mimi mwenyewe, kwa kichwa changu! Na nimeandika jina la mtu mwingine.

Chet akafungua kopo, akakunjua karatasi moja moja. Alipofika ya Wendell akaisoma tena kimoyomoyo, akavua kofia. Watu wengine walitokwa na machozi. Nikasafisha koo, nikasema kwa unyenyekevu kwamba kwa kuwa Wendell yuko mbali...

Chet alikuwa ameshampigia simu. Akaweka sauti kubwa banda zima tusikie.

Nilitamani ardhi inimeze. Chet akamwambia mzee, umeshinda, karatasi yako imepatia zote tatu na bendera. Kimya. Nikaanza kutafuta mlango. Kisha Wendell akasema ndiyo, alijua tu. Akaeleza. Dakika kumi na moja alieleza jinsi alivyopiga hesabu, joto la lami, upepo, matairi ya kulia yanavyoisha, na kwamba namba 8 alimwona tangu Juni kuwa ni kijana mvumilivu. Watu walikuwa wanaandika!

Mimi 8 nilimchagua kwa sababu gari lake ni la kijani kama langu.

Dolores ndiye aliyesema twende kwa Wendell. Desturi ni desturi, mwendo wa saa mbili na nusu si kitu. Wote wakaitikia. Nikasema magari ya kale hayawezi safari hiyo. Chet akasema, Merle, magari haya yalitengenezwa yasafiri.

Jumatano, 15 Agosti

Viti bado viko uani. Sijavikunja. Jana mvua ilivinyeshea.

Dolores kapiga simu. Binti wa Wendell ana viti sita tu. Mimi ninavyo? Nikasema kumi na viwili. Akasema sawa. Na nyama, anahangaika nyama ya watu wengi hivyo ataipata wapi leo na kesho. Nikasema ninayo, kwenye friza. Na mikate. Na mahindi. Akasema Merle, wewe ni mtu aliyejiandaa.

Nikamwambia nilikuwa na hisia.

Jumamosi, 18 Agosti

Magari kumi na sita barabarani tangu saa mbili asubuhi. Mimi wa mwisho, kwa sababu ya viti. Kwenye kila kijiji watu walitoka kutupungia mikono. Niliwapungia na mimi. Kiti cha abiria nilikuwa nimekipakia mahindi.

Wendell alikuwa kwenye nyasi mbele ya nyumba, katika kiti chake cha magurudumu, amevaa tai. Binti yake alisema amevaa hivyo tangu kulipopambazuka, na kwamba wiki nzima amekuwa akimwambia mleta barua kwamba ameshinda. Akazungushwa gari moja hadi jingine. Kila boneti ilifunuliwa. Kila mwenye gari alionyeshwa na Wendell kosa la gari lake, na kila mmoja alifurahi kuonyeshwa.

Nilikuwa napanga viti akaniita. Akanishika mkono, ana nguvu bado. Akaniinamisha.

"Merle, nikuambie kitu, usimwambie mtu. Karatasi ile sikuiandika mimi. Sijui hata ni ya nani."

Nikasema labda aliandika akasahau.

"Sijasahau. Kichwa changu kizima. Lakini simu haikuwa imelia siku nyingi, bwana. Nikasikia sauti zenu wote kwa mpigo, nikaona nikikataa mtakata. Basi nikaanza kusema tu."

Nikasema siri yake iko salama. Ndiyo kauli yangu ya kwanza ya kweli tangu Jumatatu ile karatasi zilipogawiwa. Akasema huyo aliyeandika, yeyote yule, anajua magari. Akaniomba nimsogezee pistoni dirishani, mahali anapoweza kuiona akiwa kitandani.

Tulikula nyama yangu. Chet alisifu nyama. Waliimba. Kwenye karata nilipangwa na binti yake, tukashinda mara mbili, na kwa muda wa saa nzima hivi sikufikiria mbinu yoyote.

Wakati wa kukunja viti, Dolores akaja kunisaidia. Akakunja vinne. Kisha:

"Saba zako zina kijistari katikati, Merle. Klabu nzima hakuna mwingine anayeandika hivyo. Niliijua karatasi ile kabla Chet hajamaliza kuikunjua."

Nikauliza mbona hakusema.

"Niseme nini, na mzee mwenyewe anaeleza joto la lami?" Akakunja kingine. "Lakini wewe. Ukitaka watu kwako, si useme tu, njooni? Tungekuja. Tungekuja miaka yote hii. Tulidhani hutaki kusumbuliwa."

Nikasema sijui anaongelea nini.

Akasema Jumamosi ijayo ana nafasi. Ataleta pai. Awaambie na wengine?

Nikasema Jumamosi ijayo nina shughuli.

Akauliza shughuli gani. Hilo nalo sikuwa nimeliandaa. Nikapakia viti garini. Njiani niliendesha nyuma ya taa zake mpaka kwenye makutano ya mjini, yeye akakata kushoto, mimi kulia.

Jumapili, 19 Agosti

Shughuli ya Jumamosi ijayo: haipo. Nimetazama kalenda. Jumamosi zote zipo hivyohivyo.

Nimetafakari kwa makini yaliyotokea wiki hii, na sasa naona wazi kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye saba. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Namba zilikuwa sahihi, kikohozi kilikuwa sahihi, nyama ilitosha. Kijistari tu.

Mbio nyingine ni Septemba. Chet amesema kutakuwa na ubashiri tena, na pistoni ya pili, ndogo. Kwenye orodha ya klabu nimemwona mwanachama mwingine aliyehama. Huyu yuko Alaska, safari ya siku kadhaa kwa gari. Alaska hawataenda.

Mchana wote nimekaa kwenye meza ya jikoni nikijizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ukurasa wa kwanza haukusomeka. Wa tatu unaweza kudhaniwa ni wa mzee wa Alaska.

Simu ililia saa tisa, ikalia sana. Ikakatika, ikalia tena. Sikuipokea, nilikuwa katikati ya mstari wa saba na mkono ulikuwa umeanza kukubali. Baadaye nikaangalia: Dolores, mara zote mbili. Kama ni jambo la maana atapiga tena.

Saba zangu za kushoto hazina kijistari hata kimoja.