Karte ya Juma Zima Mjini Kasongo

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Nimefika Kasongo saa nane mchana. Siku mbili juu ya pikipiki kutoka Kabambare. Mgongo siusikii tena.

Binti yangu Grâce alijifungua Jumamosi. Mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Mke wangu Apolline yuko hapa tangu mwezi uliopita kumsaidia. Mkwe wetu Amisi ni wa familia ya Kiislamu ya hapa mjini, kwa hiyo mtoto atapewa jina siku ya saba, yaani Ijumaa saa tatu asubuhi. Tulikubaliana vizuri: jina la kwanza watatoa wao, la pili nitatoa mimi. Nitatoa Kalonda, jina la marehemu baba yangu. Nimelifanyia mazoezi njia nzima. Dereva alidhani namwita mtu porini.

Kwenye parkingi ya pikipiki nilimkuta Pitchou, mkubwa wa mamotari, waendesha pikipiki wanaovaa jile, vizibao vya njano. Anauza karte, kadi za kupandia. Safari moja ya mjini ni faranga elfu moja. Karte ya siku, elfu nne. Karte ya safari kumi, elfu nane na mia tano. Karte ya juma zima, elfu ishirini: unapanda kadiri unavyotaka hadi mwisho wa mji, lakini jile za njano tu.

Watu hununua bila kufikiri. Mimi nilikaa juu ya jiwe na kalamu. Kwenda kwa Grâce, kwenda kwa wakwe, sokoni mara moja, kurudi. Safari sita. Kwa safari sita, karte ya juma haina faida. Kwa safari ishirini na moja, faida iko wazi. Kwa hiyo karte haina kosa lolote. Safari ndizo chache. Nimenunua ya juma.

Nilipanda hadi kwa Grâce. Apolline aliniuliza kama nimeumia mguu. Kumbe kutoka parkingi ni hatua mia mbili.

Mtoto ana masikio yangu. Jioni nimepanda tena kwenda kuwasalimia wakwe; wakati wa kurudi mamotari walikuwa wamelala. Safari mbili.

Jumanne, tarehe 7

Safari sita leo. Nimekwenda kuuliza bei ya misumari katika maduka matatu, ingawa misumari ninayo. Nimekwenda uwanja wa ndege. Hapakuwa na ndege. Nimerudi.

Safari ya tano, motari alisimama penye matanga kwa sababu barabara ilijaa watu. Nikashuka, maana kushuka na kupanda tena kunahesabiwa kuwa safari mpya. Wakanipa kiti mbele. Mjane aliniuliza nilimjua marehemu wapi. Nilisema Kabambare. Akalia sana, akasema marehemu hakuwahi kumwambia kama alifika Kabambare. Niliondoka kabla ya chakula. Natumaini sikuharibu kitu.

Apolline ametembea sokoni mara mbili kwa miguu, na amebeba mihogo. Nilimwonyesha hesabu. Alisema Grâce aliniulizia kutwa, alitaka nimshike mtoto ili aoge. Nilimweleza kwamba karte hailali.

Jumla: nane.

Jumatano, tarehe 8

Muzee Kasimu, baba yake Amisi, anauza vikwembe, vitenge vya akina mama, sokoni. Mtu mpole, lakini ana tabia ya kusema kila mahali ni karibu. Nilitaka aone faida ya karte kwa macho yake. Nikampeleka parkingi apande nami, watu wawili kwa karte moja. Motari alikataa, akasema karte iko ya mutu moja. Nilimwambia Muzee Kasimu ni mwembamba. Akakataa bado.

Muzee Kasimu akatoa elfu moja yake, akapanda pikipiki nyingine, akafika dukani kwake, akanishukuru kwa wazo zuri. Alisema ameburudika. Nilipiga hesabu: yeye safari moja, elfu moja. Mimi mpaka sasa, kila safari imenigharimu zaidi ya elfu moja na mia tano. Sikumwambia.

Safari tano. Jumla kumi na tatu.

Alhamisi, tarehe 9

Mvua tangu asubuhi. Mamotari wamejificha chini ya mabati. Nilimwomba Pitchou aniongezee siku moja kwa ajili ya mvua. Alisema mvua si yake.

Nimepata safari nne tu, zote nimelowa. Jumla kumi na saba. Zimebaki nne ili niingie kwenye faida, na Jumamosi narudi Kabambare alfajiri. Yaani kesho tu.

Amisi amenunua mbuzi. Grâce ameninyoshea shati. Alinikumbusha mara mbili: saa tatu, Papa. Nilimwambia saa tatu nitakuwa nimekaa kitini. Apolline aliitazama karte mfukoni mwangu. Hilo halinipendezi.

Ijumaa, tarehe 10

Niliandika mpango kabla ya kuoga. Safari nne kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, kisha nyumbani, shati, jina.

Tatu zilikwenda vizuri. Ya nne nilimwambia motari anipeleke hadi mwisho wa mji, kwenye barabara ya Lusangi. Kule nikamwachia aende zake, ili kurudi iwe safari ya ishirini na mbili. Hapo ndipo nilipokosea kidogo. Jile za njano hazikuja tena. Baadaye nilisikia Pitchou aliwaita wote kwenye mkutano.

Zilikuja jile nyekundu. Wa kwanza alisema elfu moja. Nilimwonyesha karte. Aliisoma yote, nyuma na mbele, akasema yeye iko mwekundu. Wa pili alisema mia nane, kwa huruma. Nikakataa. Mtu akilipa huku ana karte, faida yote inakufa. Wa tatu alisimama akaniuliza, “Papa, uko nangojea nani?” Nikamwambia nangojea haki yangu. Akaenda.

Saa mbili na nusu nilianza kutembea. Matope ya jana yalivuta kiatu kimoja, nikarudi kukichukua. Niliingia uani kwa Amisi saa sita kasoro.

Watu walikuwa wananawa mikono. Mtoto alikuwa amekwisha kunyolewa, amelala. Muzee Kasimu alinyanyuka, akanipa kiti chake, akasema waliniwekea nyama. Hakuna aliyenicheka. Ningependa wacheke.

Grâce alikuwa mlangoni. Alisema polepole, “Papa, walikungojea saa nzima. Mimi nilikuwa nasimama hapa, naangalia njia.” Nilitaka kumweleza habari za jile nyekundu. Nilianza. Akaingia ndani.

Apolline ndiye aliyesimama badala yangu. Niliuliza kama alitoa Kalonda. Alisema hapana, alipoulizwa akaona mahali pangu patupu, akatoa lililomjia. Mtoto anaitwa Zakaria Nathanaël.

Nathanaël ni mimi.

Nilimshika mtoto mpaka mkono ukafa ganzi. Alipoamka aliniangalia kama mtu anayenijua. Grâce alikuja kumchukua, akaona uso wangu, akaniachia tena kidogo.

Jumamosi, tarehe 11

Nimeondoka alfajiri. Grâce alinifungia nyama ya safari. Nimelifikiria jambo hili lote njiani, kwa utulivu.

Kama ningefika saa tatu, ningetoa Kalonda. Mtu hawezi kutoa jina lake mwenyewe mbele ya watu, ni aibu. Kwa hiyo bila karte nisingechelewa, na bila kuchelewa mtoto asingeitwa jina langu. Elfu ishirini. Kwa mjukuu mwenye jina lako, ni bei ndogo mno. Nitamwandikia Apolline aone hesabu.

Saa kumi tulifika mtoni. Mbao za daraja zimechukuliwa na maji, watu wanavuka kwa mtumbwi. Kuvuka mara moja, faranga mia tano. Lakini mwenye mtumbwi, mama mmoja anayeitwa Nuru, ana vitabu vya tiketi kumi kwa bei ya sita. Dereva wangu alinivuta shati. Alisema mafundi wanaleta mbao mpya Jumatatu.

Nimenunua kitabu kimoja. Nimevuka. Zimebaki tisa, na daraja litatengenezwa baada ya siku mbili.

Dereva amewasha pikipiki ng'ambo ya kwetu, anapiga honi. Mama Nuru ameniuliza mbona sishuki. Nimemwambia anirudishe kwanza kule tulikotoka.