Twiga wa Visanduku Tisa

Kwa Ndugu Mhariri wa Gazeti la Wikendi,
Ofisini kwako, na kama umetoka, kwa yeyote aliyekikalia kiti chako.

YAH: CHEMSHABONGO YENU ILIYOCHEMSHA NYUMBA YANGU

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba na umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa, maana nina mengi. Mimi huku ni mzima wa mwili tu. Heshima yangu iko mahututi, na walioigonga ni wewe na mtungaji wako wa chemshabongo.

Mimi ni fundi miwani. Duka langu liko chini, nyumba yangu iko juu, na katikati kuna ngazi ambayo kila Jumamosi nikifunga duka naipanda na gazeti lako kwapani. Mtaani wananiita Kamusi. Jina hilo sikujipa, nilipewa na watu wenyewe, kwa sababu sijawahi kushindwa chemshabongo yenu ya wikendi, ile ngumu, na huijaza kwa kalamu ya wino. Penseli nawaachia wenye mashaka.

Ili uelewe ukubwa wa msiba huu, lazima nikueleze kuhusu mama mkwe. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilipokwenda kumposa binti yake alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akarudi tena hadi viatu. Kwa miaka mingi aliniita "huyo". Alikuwa akimuuliza mke wangu, "Huyo amekula?" nami nimekaa hapo hapo, mkono wangu umo kwenye sahani. Kisha siku moja akaikuta chemshabongo yenu mezani, imejaa yote. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akaipitia kisanduku kwa kisanduku, akaweka alama ya vema chini. Akamwambia binti yake, "Kumbe Kamusi wako ana akili." Ndugu Mhariri, nilishuka dukani nikaanza kufuta miwani isiyo na vumbi, kwa furaha tu. Tangu hapo mama mkwe huja kila Jumamosi alasiri kusahihisha, nami huitwa Kamusi, tena nakaribishwa hata kwenye mazungumzo.

Sasa nimerudi kuwa "huyo". Nayaeleza malalamiko yangu kwa mpangilio, ili usije ukasema hukuelewa.

1. Mraba na vidokezo mmevitenganisha kama mke na mume waliogombana. Mraba uko ukurasa wa kumi na nne, vidokezo mmevipeleka ukurasa wa ishirini na moja, nyuma ya habari za mpira. Hapa kwangu kurasa zina sheria. Mke wangu ni fundi cherehani, na kabla ya kukata kitambaa hukata kwanza umbo la nguo kwenye gazeti. Anasema karatasi yenu haichaniki ovyo, jambo ambalo nalikubali na nawapongeza. Basi, ili kuepusha vita, tulikubaliana: ukurasa niliokwisha kuusoma naudondosha kushoto kwa kiti changu, huo ni wake. Ulioko kulia ni wangu, na ole wake atakayeugusa. Huko kulia ndiko ninakotunza pia vidokezo vya wiki iliyopita, kwa ajili ya kulinganisha na majibu mnayochapisha. Utaratibu huu haujawahi kukosea. Ila mtu akilazimishwa kulifumua gazeti zima kutafuta vidokezo, anachoka kabla hajaanza.

2. Mmerudia vidokezo. Jumamosi iliyopita niliketi, mama mkwe yuko mkabala nami, kalamu nyekundu iko tayari. Nikasoma kidokezo cha kwanza nikacheka. Nilikifahamu. Cha pili nikakifahamu. Vyote nilivifahamu, Ndugu Mhariri! Vilikuwa vilevile vya wiki iliyopita, neno kwa neno, hata koma haikuhama. Nikamwambia mama mkwe kwamba mtungaji ameishiwa, anatupashia kiporo. Mke wangu akauliza kutoka kwenye cherehani kama nina hakika kwamba hilo ni gazeti la wiki hii. Nikamwonyesha kwa kidole tarehe iliyo juu ya mraba, mbele ya mama yake. Ilikuwa ya wiki hii. Akarudi kushona.

3. Hili ndilo lililonikata maini. Vidokezo ni vilevile, majibu ni yaleyale, lakini visanduku mmevibadilisha! Mlalo 1 mnasema: "Hula juu ya mti bila kupanda." Jawabu ni twiga. Wiki iliyopita alipewa visanduku vitano, akatosha, akatulia. Wiki hii mmempa tisa. Nami nilikwisha kuandika TWIGA kwa wino, tena kwa mbwembwe, herufi ya mwisho nimeivutia mkia. Vikabaki visanduku vinne vitupu, na mama mkwe anatazama. Ningefanya nini? Nikaandika TWIGADUME. Mama mkwe akataka kujua ni wapi kidokezo kilipotaja kwamba ni dume. Nikakimbilia kidokezo kingine.

4. Bundi. "Mchana hulala, usiku hukesha, na halipwi kwa ulinzi." Nani asiyemjua bundi? Mmempa visanduku vitatu. Nilimwingiza BUN, nayo DI nikaiacha pambizoni, nje ya mraba, kama mtu aliyechelewa akakuta mlango umefungwa.

5. Mkasi. Wima 4: "Ndugu wawili, wakikumbatiana kitu hukatika." Visanduku viwili! Mke wangu ana mkasi mkubwa, mkasi wa kati na ule mdogo wa kukatia uzi, na hata huo mdogo una herufi tano. Nilizibana herufi mbili mbili katika kila kisanduku, ya tano nikaipandisha juu ya mstari. Hapo mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miwani ile nilimtengenezea mimi mwenyewe. Sikuitengeneza ili anione katika hali ile.

6. Mahali maneno yanapopishana. Daraja lilitakiwa kuanzia pale W ya twiga ilipo. Sasa daraja gani huanza na W? Nikaiandika D juu ya W. Likatokea doa, na mama mkwe akalizungushia duara jekundu na kuweka alama ya kuuliza. Kufikia hapo kalamu yake ilikuwa ikifanya kazi kuliko yangu.

7. Matokeo. Alipomaliza kusahihisha aliandika chini ya mraba, kwa mwandiko ule ule aliowatishia watoto wa watu maisha yake yote: "Hakujiandaa. Aje na mzazi." Ndugu Mhariri, mimi ni mtu mwenye mvi. Wazazi wangu wako mbali na hawana tena nguvu za kuitwa shuleni, na mzazi pekee niliye naye karibu ni yeye mwenyewe aliyeniandikia. Kisha akachukua mkoba wake na kumwambia mke wangu pale mlangoni, "Mwambie huyo asichezee wino." Huyo! Niliumia, na sioni aibu kusema. Chai yake aliiacha nusu, nami sikuweza kuimalizia yangu.

8. Habari zikashuka ngazi kabla yangu. Mteja mmoja alikuja kupimwa macho, nikamwomba asome herufi zilizo ukutani, akaniuliza kwanza kama zote zimo ndani ya visanduku. Muuza mkate wa jirani, ambaye jana tu alikuwa akiniita Kamusi na kunyanyua kofia, sasa ananiita Twigadume. Kofia hainyanyui.

9. Mwisho, na hapa nazungumza kwa niaba ya umma, je, mmefikiria tunakoelekea? Leo twiga ameongezwa herufi nne bila kuulizwa na mkasi umenyang'anywa tatu. Kesho mtu ataamka akute jina lake limepunguzwa wakati amelala, ajitambulishe benki kwa nusu, akataliwe. Keshokutwa mgonjwa ataandikiwa dawa ndefu kuliko ugonjwa. Mambo makubwa huanza hivi hivi, kwenye ukurasa wa kumi na nne, watu wanatazama mpira.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu wote. Kwanza, mniombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kuliko za habari yenyewe. Pili, mtungaji aje hapa nyumbani, akae kwenye kiti changu, atazamwe na mama mkwe, ajaze mraba wake mwenyewe kwa wino. Nitamletea maji, mimi si mkatili. Tatu, kama hayo yanawashinda, basi tangazeni rasmi kwamba kuanzia sasa jina kamili la mnyama huyo ni twigadume na kwamba mkasi ni herufi mbili. Niko tayari lugha ibadilike, maana ni rahisi kuliko mimi kubadilisha jawabu nililoandika kwa wino. Na nne, kwa kuwa mama mkwe ametaka mzazi, nakuomba uje wewe, Ndugu Mhariri. Ukifika ukae wima, usiweke viwiko mezani, na ukiulizwa swali usianze na "kwa kweli".

Nilitaka pia kukutishia kwamba nitaacha kununua gazeti lako. Mke wangu amekataa. Anasema ana gauni la mama yake mkononi na hakati nguo ya mama yake kwa karatasi ya kubahatisha. Kitisho hicho nakiondoa.

Wasalimie wa nyumbani kwako, wadogo kwa wakubwa. Wasalimie wachapaji, wauza magazeti, mchora vibonzo, na yule anayeandika hali ya hewa, ambaye naye hukosea lakini angalau hajabadilisha urefu wa mvua. Mtungaji wa chemshabongo usimsalimie. Mwambie tu kwamba nimemtaja.

Wako mwaminifu hata baada ya haya yote,

Fundi Miwani
(zamani Kamusi)

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Mhariri, bahasha ilikuwa tayari imelambwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika ili niongeze haya machache, na nakuomba uyasome haya kwanza, yale ya juu uyasome ukipata nafasi, au usiyasome.

Asubuhi ya leo mama mkwe amekuja kupimwa gauni lake. Hakuja kwa ajili yangu. Mimi, kwa adabu ya mkwe, nilikaa upande wa pili wa pazia, nikijifanya sipo. Mke wangu alikuwa amekwisha kukata mikono ya gauni kwenye gazeti, akambandika mama yake mabegani kwa pini aone kama inatosha. Mara sauti ya mwalimu mkuu ikasoma, taratibu, kama anayeita majina darasani: "Mlalo 1. Ametoka kwenye nyumba isiyo na mlango."

Kifaranga, Ndugu Mhariri. Herufi tisa.

Vidokezo vya wiki hii vilikuwa kwenye mikono ya mama mkwe, vya mlalo kushoto na vya wima kulia. Mke wangu anasema aliuokota ukurasa huo Jumamosi kushoto kwa kiti changu, kihalali, na kwamba yeye hasomi gazeti, huangalia uimara wake tu. Nimejaribu kutafuta ni nani aliyeudondosha. Nyumbani humu mwenye mamlaka ya kudondosha ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimeusoma mpira, nikadhani nimeumaliza ukurasa. Vidokezo nilivyosoma baadaye ni vile vya wiki iliyopita nilivyovitunza kulia. Utaratibu haukukosea.

Mke wangu akachora mraba mpya kwa rula yake ya kukatia, akausukuma chini ya pazia, nasi tukaanza. Yeye alisoma vidokezo, mama yake akamgeuzia mkono, mimi nikapaza sauti kutoka nyuma ya pazia. Wima 4, visanduku viwili: "Nyuki hulitembelea bila mwaliko." Ua! Kile cha visanduku vitatu: "Hubeba miwani lakini haioni." Pua! Hicho nilikijibu kabla hakijaisha, na nikamsikia mama mkwe akiguna vizuri. Akasema pia kwamba miwani niliyomtengenezea inasomea hata begani. Nilifurahi mno, nikapiga kichwa ukutani kidogo.

Imebaki Wima 9. Ina visanduku sita. Herufi ya kwanza ni M, ya pili J, ya nne N, ya mwisho A. Kidokezo chenyewe kinaanza hivi: "Mwanamume anayejiona anajua kila kitu, kumbe ni" na hapo mkasi umepita, ni kwenye shimo la kwapa. Mimi naona MJANJA inaingia vizuri kabisa. Mama mkwe anasema kuna neno jingine linaloingia vizuri zaidi, ila heshima ya mkwe inamzuia kulitamka. Mke wangu amecheka mpaka pini zimemtoka mdomoni.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote nayafuta, kuanzia la kwanza hadi la tisa, na mtungaji msalimie. Ninachoomba ni hiyo nusu ya kidokezo tu. Mama mkwe ameahidi kunirudishia jina langu, lakini amekataa kuvuliwa mikono ya karatasi mpaka nitakapolijaza neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa wino.