Goti la Lonnie Vandermolen

Sogeeni karibu, enyi mlio na masikio. Mwenye kutafuna na ameze, mwenye simu na aizime, kwa maana nawaletea habari ya vita kuu iliyopiganwa Toledo, katika nchi ya Ohio, Jumapili ya pili ya Desemba, siku ambayo baridi ilikuwa kali hata bia ikaganda vikombeni mwa watu. Na katika vita hiyo nitamtaja Lonnie Vandermolen, mwana wa Zeeland, Michigan, mzoefu wa miji tisa, mvaaji wa jezi za kila rangi, mlinzi mwaminifu wa benchi, ambaye mkono wake ulirusha mipira maelfu kwa maelfu mazoezini na michache mno mbele ya watu. Nipeni nafasi ya kuvuta pumzi, maana kisa chenyewe kilichukua sekunde thelathini na moja, na mimi siwezi kukisimulia kwa muda mfupi namna hiyo.

Kwa miaka kumi na miwili Lonnie alikuwa mrushaji wa akiba. Mrushaji mkuu ndiye jemadari katika mpira wa Kimarekani. Wa akiba ni yule anayesimama pembeni na deraya zake zote mwilini, akingoja mwenziwe apatwe na balaa, na huku akimwombea lisimpate, kwa kuwa ni mtu mwungwana. Tulsa walimchukua wakamwacha. Louisville walimchukua Jumatatu wakamwacha Alhamisi. Omaha alidumu misimu miwili, hata akathubutu kununua kochi, wakamwacha kochi likiwa bado na nailoni yake. Mkewe Renita, malkia wa kufungasha, aliacha zamani kutundika picha ukutani.

Mara kumi na moja makocha wa miji hiyo walimtuma uwanjani, na mara zote kumi na moja vita ilikuwa imeshaharibika, au iliharibikia mikononi mwake. Hakuwahi hata siku moja kuwa na mpira saa ya uwanja ilipofika sifuri na upande wake ukiongoza. Hilo ndilo lililomkereketa moyoni. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitano. Jumanne mrushaji wa akiba halisi wa Toledo alikuwa anarudi kutoka kwenye matibabu, na Lonnie alijua kwamba mji wa kumi hautapiga simu.

"Sitaki hata kurusha, mke wangu," alimwambia Renita asubuhi ile, mayai yakipoa mbele yake. "Nataka mara moja tu niwe nimeshika mpira na sisi tumeshinda. Mara moja! Baada ya hapo nitaenda kuuza mashine za kukatia majani na kaka yako, wala sitanung'unika."

"Utanung'unika," Renita akamjibu. "Lakini nitakuja. Nivae jezi gani? Ile ya Portland ndiyo yenye joto."

Basi majeshi yakakutana, Toledo wakafikisha alama kumi na saba na Omaha kumi na sita. Trey Halloran, jemadari kijana wa Toledo mwenye miaka ishirini na mitatu na shingo ya fahali, akabeba mpira mwenyewe, akapenya, akaanguka na maadui wanne mgongoni. Na tazama, hakuinuka. Msuli wa mguu ulikuwa umembana.

"Mguu! Jamani, mguu wangu! Nivuteni kidole!"

Mwamuzi akapuliza filimbi. Aliyeumia sharti atoke, walau mpaka mpira uchezwe mara moja bila yeye. Saa ilionyesha sekunde thelathini na moja, mpira ni wa Toledo, na Omaha walikuwa wamekwisha tumia haki zao zote za kuisimamisha saa. Kilichobaki kilikuwa kitendo kimoja kinachoruhusiwa na sheria: mrushaji anapewa mpira, anaweka goti chini, na saa inakula muda uliosalia. Hata bibi yako angeweza, ila siku ile bibi yako hakuitwa.

Ndipo Kocha Dombrowski, mwenye tumbo la heshima na sauti ya king'ora, alipopaza: "Vandermolen! Ingia!"

Lonnie akainuka, damu ikimchemka, akapeleka mkono kichwani kushika chapeo yake. Akakuta nywele, tena chache.

Chapeo haikuwepo! Tangu Septemba, kwa kuwa haikuwa na kazi, yeye na wenzake wa benchi walikuwa wameifanya bakuli la kutemea maganda ya alizeti, na bakuli hilo lilipitishwa mkono kwa mkono hata hakuna aliyejua limeishia wapi.

"Una helmeti au huna?" Kocha akanguruma.

"Ninayo, Kocha! Ipo! Asubuhi niliiona!"

Hapo akajitokeza Nils Aaberg, mpiga mateke wa kikosi, mrefu, msafi, helmeti kichwani na kamba imefungwa. "Kocha, kupiga goti tu? Hata mimi naweza."

"Jiandae, Aaberg."

Moyo wa Lonnie ukapasuka vipande viwili. Miji tisa, miaka kumi na miwili, na sasa utukufu wake unachukuliwa na mtu wa kupiga mateke! Akajitupa chini ya benchi, akatambaa katikati ya makoti na chupa, akapita chini ya miguu ya wanaume wenye kilo mia na hamsini, akamkanyaga daktari, akaikuta chapeo imejibanza nyuma ya mashine ya joto, imejaa maganda mpaka masikioni. Akaipindua mara moja, akaivaa na yaliyobaki, akatoka mbio. Aaberg alikuwa ameshakanyaga mstari wa chokaa Lonnie alipomdaka jezi.

"Nils, ndugu yangu! Wewe umemaliza mechi ngapi kwa ushindi? Watu wamekubeba mabegani, nimeona kwa macho yangu, hata mimi nilikushika mguu mmoja. Mimi nimezungushwa nchi hii kama barua isiyo na anwani. Niachie hili goti moja. Nakuomba mbele ya watu elfu sitini."

Nils akamtazama. Akarudi nyuma hatua moja. "Nenda, mzee wangu," akasema. "Lakini futa pua. Una ganda."

Hivyo Lonnie akaingia, na wenzake kumi wakamzunguka kupokea amri. Sasa elewa kwamba kila kikosi kina jina lake la siri kwa goti hilo, naye alikuwa ameyakariri majina tisa, na yote tisa yakamjia kwa pamoja.

"Kanisani!" akaamuru.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Samahani, hiyo ya Tulsa. Shusha Nanga! Hapana, hiyo Portland. Kwaheri Shangazi!"

Upande wa pili wa mstari akacheka Demetrius Poole, simba wa Omaha, aliyekaa naye kikosi kimoja enzi zile za kochi. "Jamani, hiyo ni ya kwetu! Mzee anapiga goti!"

"Kila mtu anajua anapiga goti," akasema mwamuzi. "Mna sekunde tisa za kuanza, la sivyo adhabu."

Tevita Fonoti, mlima wa asili ya visiwa vya Tonga, ambaye kazi yake ni kuutoa mpira nyuma katikati ya miguu yake, akamwekea Lonnie kiganja begani. "Kaka, mimi nakupa, wewe piga goti. Jina lake tutalitafuta kesho."

Wakajipanga. Poole akainama mbele yao, mvuke ukimtoka puani. "Lonnie! Bado uko hai? Nilisikia unauza mashine za majani."

"Kuanzia Januari."

"Utauangusha huo. Mikono yako imelala miaka kumi na miwili."

Neno hilo likamchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Vidole havikuwa na hisia. Yeye na Fonoti hawakuwahi kupeana mpira hata mazoezini, na katika kitendo hiki hiki mipira imewahi kuanguka, na miji mizima ikalia. Akaweka mikono. Akaita. Mpira ukaja kwa kishindo, ukagonga viganja, ukateleza, ukapanda mpaka kifuani, na watu kumi na mmoja wa Omaha wakaja kama ukuta unaoanguka. Naye akaukumbatia kwa viwiko, kwa tumbo na kwa kidevu, akashuka kwa goti la kulia, lile bovu lililopasuliwa mara mbili, na ardhi iliyoganda ya Toledo ikampokea.

Filimbi ikalia. Saa ikaanza kula.

Wenzake wakaruka, wakakumbatiana, Kocha akamwagiwa ndoo ya maji ya machungwa. Kule juu Renita alisimama juu ya kiti, akiwapigia kelele watu asiowajua: "Huyo mume wangu! Huyo aliyepiga goti, ni mume wangu huyo!" Lonnie hakumsikia. Alikuwa bado chini, mpira tumboni, akilia bila aibu.

Mwamuzi akamjia. "Inuka, bwana. Lete mpira."

"Zimebaki ngapi?"

Mwamuzi akatazama juu. "Nne."

"Basi ngoja hizo nne."

Mwamuzi akangoja. Tatu. Mbili. Moja. Halafu sifuri, na Lonnie akaitazama ile sifuri mpaka akaridhika, ndipo akainuka.

Katika chumba cha juu mwandishi wa kumbukumbu, mtu asiye na furaha wala chuki, akaandika kama sheria inavyomtaka, maana goti huwekwa nyuma ya pale mpira ulipoanzia: Vandermolen, mbio moja, hasara ya yadi moja. Nasi na tuitangaze hivyo hivyo, wala asitokee wa kubisha: kwamba Toledo walikuwa kumi na saba na Omaha kumi na sita, na aliyekuwa na mpira saa ilipokwisha ni Lonnie Vandermolen, ambaye siku ile alirudi nyuma yadi moja, na katika Ohio yote hakuna aliyefika mbali kama yeye.