Mpira Uliogonga Nguzo

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya pili ugenini. Nimepewa chumba cha kupigia pasi nyumbani kwa Mhandisi, kaka yake shemeji, mke wa kaka yangu. Naamka nikitazamana na mashati yake.

Saa nane mchana tumekwenda hospitali. Wageni wanaingia saa nane, wanatolewa saa kumi. Kaka yangu amebaki macho na pua. Daktari amesema kwa upole kwamba sasa tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Dada zetu wote watatu ndio walionituma. Ukakae naye, walisema, kukaa tu, na hiyo mipango yako uiache huku.

Kaka alinishika mkono, akauliza nyumbani kukoje. Nikajibu kuzuri. Halafu nikakosa la kuongeza! Mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka tisa! Nikaaga kwamba naenda kunywa maji. Nikanywa maji dakika arobaini.

Si woga. Ni ile harufu ya dawa.

Jumanne, 4 Juni

Kaka ana vipimo kutwa nzima, hatumwoni. Mhandisi akanipeleka kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu, nipunguze mawazo. Vibanda ishirini kwenye mstari, kila kimoja na zulia la plastiki na ndoo ya mipira. Mbele, nyasi tupu na bendera. Hakuna mashimo, hakuna mchezo. Watu wanapiga tu mipira iende zake, kisha trekta lenye kizimba cha waya linapita kuizoa. Mhandisi anavaa glavu moja. Nilimwonea huruma, nikadhani nyingine imepotea.

Mpira wa kwanza, hewa. Wa pili, hewa. Wa tatu, zulia. Wa kumi na saba nikafumba macho.

Ukapaa! Ukaenda, ukaenda, ukagonga nguzo ya bendera nyekundu, ile ya mbali kabisa. Kang! Nguzo nyembamba kama kidole! Saa tisa na robo kamili. Na Mhandisi? Ameinama, anafunga kamba za viatu. Aliyeona ni dereva wa trekta peke yake. Alisimamisha trekta akavua kofia.

Mhandisi akasema pengine trekta limekanyaga jiwe. Nilipombana, akasema basi, bahati ya mtende. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi nimempigia shemeji, akamwekea kaka simu sikioni. Nikamweleza mpira. Nikasikia mlio kama wa mtu anayekohoa. Shemeji anasema alikuwa anacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Halafu kaka akauliza kwa sauti ndogo: mita ngapi?

Hapo sasa! Kaka ni mpima ardhi, miaka thelathini na minne kazini. Tangu utoto haamini neno langu bila kipimo. Niliwahi kujisifu nimeruka mtaro, akaenda kuupima. Shemeji akaniambia nije saa nane nimsimulie mwenyewe, ananingoja. Niende mikono mitupu? Nitajibu nini?

Mpango wa Kwanza: kupima. Nikaazima futi ya mkanda kwenye gereji ya Mhandisi, bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikaingia uwanjani kwa miguu. Mipira ilinyesha! Msimamizi akapiga kelele kwenye kipaza sauti, vibanda vyote ishirini vikanyamaza, mimi katikati nimepiga magoti na futi. Nikatolewa uwanjani nikiwa ndani ya kizimba cha trekta, pamoja na mipira. Nilikuwa nimefika mita mia moja na sita tu.

Nilipofika hospitali wageni walikuwa wanatoka.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa Pili: shahidi. Dereva wa trekta hajui lugha yangu, mimi sijui yake. Yuko zamu mchana tu. Nikamwigizia mambo yote mpaka jasho likanitoka. Akaelewa! Akachukua karatasi, akachora uwanja, nguzo, mpira hewani, na mtu mwenye kitambi aliyefumba macho. Akatia saini.

Picha nzuri sana. Lakini macho! Kaka akiona nimefumba macho nitachekwa mpaka basi. Nikamwomba kwa ishara achore tena, macho wazi, kitambi kidogo. Akaninyang'anya karatasi, akaichana, akapanda trekta lake. Watu wengine wepesi wa kununa.

Saa kumi na dakika tano shemeji akapiga simu. Kaka alikataa dawa ya usingizi, akasema mdogo wangu anakuja. Wamempa sasa hivi. Nikamwambia kesho, shemeji, kesho bila kukosa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Chakula cha jioni kimenishinda.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa Tatu: kurudia mpigo na kuurekodi. Saa ile ile, upepo ule ule, kibanda kile kile. Nikishaupata, moja kwa moja hospitali. Mhandisi kaniambia waziwazi, "Shemeji, mgonjwa hataki video. Anakutaka wewe." Anaogopa tu ushahidi.

Nikasimamisha simu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikazima mtandao, asije mtu akapiga akakatisha rekodi. Mipira mia mbili na kumi! Malengelenge saba! Mmoja ulirudi nyuma ukapiga mashine ya soda. Nguzo haikuguswa.

Saa kumi na nusu nikawasha mtandao. Simu tisa za shemeji.

Kaka alikuwa ameamka vizuri. Alikaa kitandani, akanywa maji kwa mkono wake, akaomba wamsogezee kiti karibu, kwamba mimi nitakaa hapo. Kiti kikakaa kitupu mpaka saa kumi. Nilifika saa kumi na moja, muuguzi akanihurumia, akanifungulia. Kaka alikuwa amelala. Nikakaa kwenye kile kiti, nikamsimulia mpira wote, tangu zulia mpaka nguzo. Hakufumbua macho. Mkono wake ulikuwa na joto bado.

Jumamosi, 8 Juni

Kaka amefariki alfajiri. Nimewapigia dada. Wameniuliza mlizungumza nini siku hizi zote. Nikasema mengi.

Jumapili, 9 Juni

Tumemzika mchana. Wauguzi wawili walikuja. Mmoja akaniangalia, akamuuliza shemeji kama mimi ndiye yule wa gofu. Kumbe kaka alihadithia wodi nzima tangu Jumatano! Kila aliyeingia kubadilisha shuka aliambiwa: mdogo wangu kapiga nguzo kutoka mita mia na sitini. Mia na sitini kaitoa wapi? Shemeji anasema alikadiria. Alifumba macho, akahesabu kidogo kwa vidole, akasema inatosha.

Kaka! Kukadiria! Mtu aliyepima mtaro!

Aliniamini tangu ile simu. Alichotaka ni nije nikae nimsimulie. Nimelia mbele ya watu, na Mhandisi akanishika bega. Sijui nitajisamehe vipi.

Jumatatu, 10 Juni

Naondoka kesho, ndege ya saa kumi jioni. Leo shemeji kaniomba nije kesho saa mbili asubuhi. Hana kazi ya kunipa. Tukae tu, anasema, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na nikishaondoka hatakuwa na mtu wa kumzungumzia kaka. Sauti ilimkatika. Nimeitikia kwa moyo wote. Somo nimelipata, na nimelipata kwa machungu: mtu kwanza, mipango baadaye. Nimeapa.

Ila ile mia na sitini inanisumbua. Wodi nzima wameisikia. Siku moja mtu akipima akakuta mia na hamsini, je? Jina la mpima ardhi wa miaka thelathini na minne lichafuke kwa sababu yangu? Nimempigia msimamizi. Anasema futi inaruhusiwa kabla hawajafungua, saa mbili mpaka saa tatu asubuhi.

Nitapita mara moja tu. Shemeji ataelewa. Saa nne hivi nitakuwa kwake, ikizidi sana saa sita.